Elfu Sita Kwenye Sahani

"Umeomba soda?"

"Nimeomba soda."

"Ya bure?"

"Si ya bure. Nyongeza."

"Mbele ya watu! Mimi nimekaa hapo na nguo yangu ya kanisa, na wewe unamuuliza weita, 'Dada, tumekula ya elfu sitini na nne, sasa nyongeza yangu iko wapi?' Haki ya Mungu, Olal, nilitaka ile meza inimeze."

"Meza ilikuwa ndogo."

"Usinichekeshe. Leo sitaki kucheka."

Na kweli Valarie hakucheka. Alikuwa amesimama pale nje ya hoteli, mahali magari yanaegeshwa, jua la saa nane la Mbuya, hapa Kampala, linampiga usoni, mkoba ameubana kwapani kama mtu anayejitayarisha kupigana. Mimi nilikuwa na elfu sita mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa chenji. Nilitoa sabini, wakanirudishia sita kwa kasahani kadogo, pamoja na karatasi ya bili na pipi mbili. Nikachukua sita yote, nikasema kwa sauti, "Hii ni ya boda." Nikachukua na pipi. Halafu ndiyo nikauliza soda.

Lakini ngoja niseme vile nilikuwa nafikiri, msinione mjinga bure. Mimi ni fundi wa chuma, Katwe. Shule niliacha senior two. Hesabu nilikuwa naijua, ni kukaa ndiyo sikuweza. Tangu hapo nachomelea mageti, madirisha, vitanda vya shule, kila kitu kinachoshikana kwa moto. Na Katwe, hata soko lolote la Kampala, anayeuza ndiye anaongeza. Ukinunua misumari kilo moja, nakutupia kiganja juu. Ukinunua nyanya, mama anakuongeza mbili. Ukichukua geti kwangu, nakupa komeo bila kulipa. Asiyeongeza tunamwita mchoyo na hatumrudii. Sasa mtu ale mbuzi, ale samaki, anywe juisi, alipe, halafu yeye mnunuzi ndiye amwongeze weita? Kwangu hiyo ilikuwa kama gari kumpanda dereva.

Na pesa yenyewe nilikuwa nimeichomelea. Wiki mbili kwa geti moja kubwa, macho yanawasha kama nimetiwa mchanga. Nilitaka mara moja tu mimi na Valarie tukae mahali meza ina kitambaa. Kesho yake, Jumapili, nilikuwa niende kwa kaka yake Ogutu, nijulikane rasmi. Ogutu ndiye aliyemleta Kampala kutoka Busia, ndiye kama baba yake hapa. Mama yangu nilikuwa nimeshamwambia, na ukimwambia mama yangu, umeambia kambi yote ya polisi Nsambya.

"Yule msichana alitunawisha mikono mara mbili," Valarie akasema. "Alikutolea miiba kwa samaki, mmoja mmoja, kama wewe mtoto."

"Sikumtuma."

"Ulimtuma! Ulisema, 'Hii samaki ina waya mingi.'"

"Si ilikuwa na waya?"

"Olal!"

"Ni kazi yake, Valarie. Analipwa. Ana mshahara, kama wewe."

Akaushusha mkoba kutoka kwapani. Nikajua nimekanyaga kitu, lakini sikujua nini. Valarie mwenyewe ni weita, kwa hoteli ya Mkenya mmoja kule Nsambya, karibu na hospitali, watu wanaokuja kuona wagonjwa ndio wanakula pale. Miezi kumi niko naye. Jioni namsikiliza akisema miguu inamuuma, nasema pole, namaliza chai yangu, natafuta mpira kwa simu.

"Kama mimi," akasema. "Mimi napata ngapi?"

"Sijui. Hujaniambia."

"Hujauliza. Laki moja na nusu kwa mwezi. Nyumba ni laki na ishirini. Toa."

Nimesema hesabu naijua. Nikatoa. Ikabaki elfu thelathini.

"Kwa siku thelathini," akasema. "Sasa mimi nakula nini? Navaa nini? Mama kule nyumbani namtumia nini?"

Nikagawa kichwani: elfu moja kwa siku.

"Angalia chini."

Nikaangalia chini.

"Hivyo viatu nani alikununulia?"

"Wewe. Krismasi."

"Si mimi. Hicho cha kushoto ni afande mmoja alikuwa anakuja kumwona mke wake wodini. Elfu mbili, elfu mbili, mpaka mke akatoka. Cha kulia ni mama mmoja wa Kitgum, alikaa na mtoto mgonjwa wiki tatu. Kila siku mia tano, na kila siku ananiomba msamaha kwamba ni kidogo. Kamba ni daktari aliyeacha elfu moja na bado akasema chai ilikuwa baridi." Akanisogelea. "Umevaa chenji ya watu, Olal. Umetembea nayo mpaka hapa, ukaingia na vumbi la Katwe, halafu umemnyang'anya mwenzangu yake kwa sahani."

Mimi nimekulia kambini. Nimechapwa na baba yangu, na majirani zake, kila mtu na cheo chake. Lakini sijawahi kusikia kitu kinapiga vile. Viatu vyenyewe ni vyeusi, vya ngozi, vimenikaa vizuri. Niliviona kama si vyangu.

"Kesho usije kwa Ogutu," akasema.

"Eh?"

"Nitamwambia una homa. Na Jumapili nyingine nitamwambia una homa, mpaka asahau kuuliza."

"Kwa sababu ya soda?"

"Wacha soda. Siku moja utaniona mimi na sahani mkononi, na utanipita. Mtu wa hivyo sitaki kumpeleka kwa kaka yangu."

Hakupiga kelele. Akipiga kelele najua namna ya kujibu. Aliongea polepole.

Nikageuka, nikarudi ndani.

Yule weita anaitwa Princesse. Jina lilikuwa kwa kifua chake, na ukimsikia akifungua mdomo unajua ni Mkongo. Alikuwa anatoka jikoni na sahani nne, mbili kila mkono, anasukuma mlango wa chuma kwa goti. Huo mlango niliuona tangu tukae. Bawaba ya juu imelegea, chini unakwaruza sakafu, kila akipita lazima aupige teke. Fundi hawezi kuona kitu kama hicho akala kwa amani. Basi akili yangu ikanidanganya. Nikafikiri nimepata njia: ubaki na elfu sita yako, Olal, na umridhishe kila mtu.

"Dada," nikamwambia alipomaliza kugawa sahani. "Nisamehe kwa maneno ya soda. Ule mlango unakusumbua. Jumatatu naleta mashine, naunyoosha, utaufungua kwa kidole. Sitaki hata shilingi. Hiyo ndiyo tipu yako."

Akaniangalia kutoka nywele mpaka viatu.

"Papa, ule mlango ni ya nani?"

"Ya hapa."

"Ya bosi. Ukiutengeneza, bosi atafurahi sana. Mimi nitakuwa na mlango muzuri na njaa yangu ileile."

Meza ya jirani kulikuwa na mzee mmoja mwenye kichwa kimenyolewa kama wa jeshini, anakula mbuzi. Akacheka mpaka akakohoa. "Kijana," akasema, "hapo umepigwa risasi. Lala chini."

Watu wakageuka. Lakini mimi nikishaaibika sirudi nyuma, naenda mbele kabisa.

"Basi niambie," nikasema. "Kawaida ni ngapi?"

"Kitu gani?"

"Tipu. Mtu akila ya elfu sitini na nne na umemhudumia vizuri, anaacha ngapi? Mimi geti langu lina bei. Sema bei."

Princesse akaweka trei mezani. Nikaona anashangaa kweli.

"Hakuna mutu aliniuliza hiyo," akasema. "Miaka mitatu. Wanatupa tu, ao hawatupi." Akahesabu kwa vidole. "Kuko wenye elfu moja. Kuko wenye mbili. Kuko wenye wanapiga hesabu ya kumi kwa mia, hao wametembea inchi za wazungu. Na kuko wenye wanasema, 'Mungu akubariki, dada.' Hao ndio wengi. Papa, mimi nimebarikiwa mpaka nimekonda."

Yule mzee wa mbuzi akakohoa tena. Safari hii hakucheka. Alishika mfuko wake wa shati, kama mtu anayekumbuka kitu.

Kumi kwa mia. Sitini na nne, kumi kwa mia ni elfu sita na mia nne. Na mkononi mwangu kulikuwa na elfu sita. Nikafikiria boda kutoka Mbuya mpaka Nsambya, watu wawili, na ule mteremko, na jua. Nikafikiria yule mama wa Kitgum na mia tano zake, anaomba msamaha.

"Imepungua mia nne," nikasema, nikaziweka kwa trei. "Lakini ni yote."

Hakuzichukua mara moja. "Si ulisema hii ni ya boda?"

"Miguu haina nauli. Na viatu ni vizuri."

"Bibi yako atatembea?"

"Sijui kama bado ni wangu. Ndiyo naenda kuona."

Hapo akacheka. Akazikunja hela, akazitia mfukoni mwa aproni, bila kuzihesabu, kama kitu alichokuwa anakingoja. Halafu akaenda kaunta, akarudi, akanifungulia kiganja. Pipi. Kama kumi hivi.

"Soda sina ruhusa, soda inahesabiwa," akasema. "Pipi hakuna mutu anahesabu. Kamata nyongeza yako, papa. Usiende kusema Princesse ni mchoyo."

Jamani. Nilitoka pale nimekuwa mwepesi kama mtu aliyeshusha gunia la saruji.

Nje, Valarie hakuwepo.

Pale alipokuwa amesimama kulikuwa na gari jeupe tu na jua. Nikaangalia kushoto, kulia. Nikaangalia barabarani, nikaona boda moja inateremka na mwanamke nyuma, nguo ya bluu, nguo kama yake. Nikasema, basi. Umechelewa kwa mazungumzo, wewe na bei zako. Sikuwa na hela ya kumfuata. Sikuwa hata na muda wa maongezi kwa simu.

"Unatafuta nani?"

Valarie alikuwa kwa geti, amekaa kwa benchi la askari mlinzi, askari mwenyewe amesimama pembeni kwa heshima. Nilipumua mpaka askari akaniangalia.

Nikaenda. Nikafungua kiganja, nikamwonyesha pipi.

"Umempa ngapi?" akauliza.

"Yote."

"Alisemaje?"

"Amesema mimi si mchoyo. Hapana, amesema yeye si mchoyo. Valarie, nilimuuliza bei."

"Ulimuuliza bei?"

"Nilimuuliza kawaida ni ngapi. Mbele ya watu."

Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Niliogopa analia. Alipotoa mikono nikaona ni kicheko, kile alichokuwa amekibana tangu ile meza ndogo.

"Wewe mtu wewe," akasema. "Wewe utaniua."

Ndipo nikaona miguu yake. Vile viatu vyake virefu vilikuwa ndani ya mkoba, visigino vimetokeza nje. Miguuni alikuwa na sapatu za mpira, zile anazovaa kazini akisimama kutwa.

"Ulijuaje tutatembea?" nikauliza.

"Sikujua. Nilivaa tu, nikaomba Mungu."

"Na kama ningetoka na nauli?"

"Ungepanda peke yako."

Hakutania. Lakini alilisema kama jambo lililopita, kama mvua iliyonyesha mahali pengine. Mimi nikakaa kwa benchi la askari bila kuombwa, nacheka peke yangu. Askari akasema, "Kijana, umenusurika." Nikampa pipi moja.

"Na kesho?" nikauliza. Ilibidi niulize. Mimi siwezi kulala na swali.

Valarie alisimama, akajipangusa vumbi, akaweka mkoba begani. Alinifanya ningoje, alijua ananifanya ningoje.

"Saa saba kamili. Ogutu hapendi mtu wa kuchelewa. Na Aoko, mke wake, akikupakulia ugali, umalize."

"Nikimaliza, nisiombe nyongeza?"

"Hapo sasa ndiyo uombe," akasema. "Mpishi wa nyumbani hiyo ndiyo tipu yake."

Akachagua pipi mbili kutoka kiganja changu, zile nyekundu, akageuka, akaanza kuteremka barabara na sapatu zake, pa, pa, pa, bila kuangalia kama namfuata.