Hodi Kifuani pa Protais

Asubuhi moja ya mwaka 1964, waasi wakiwa wamekwisha kuuteka mji wa Uvira, foleni ya bandari ya Kalundu ilisimama kwa ajili ya mpagazi mwenye gunia la ndagala. Komanda Ngongo wa waasi alimgonga kifuani kwa kifundo cha kidole, akaita, "Hodi!" Sauti nyembamba ikajibu kutoka ndani, "Karibu." Mpagazi, kinywa kimefumbwa, akapita na samaki wake.

Ndivyo watu walivyopimwa siku hizo. Kinywa kilikuwa kimeapa mno, kwa Wabelgiji na kwa waliowafuata, hata hakikuaminiwa tena; aliyeulizwa ni yule akaaye ndani. Waliokosa jibu walipelekwa mtoni Ruzizi, wala hawakurudi.

Révérien, katekista, alikuwa amefundishwa seminarini kwamba roho haina mahali. Alipogongwa, ndani yake palijibiwa upesi, "Karibu, baba Komanda!" kwa unyenyekevu asioufahamu. Alisikitika tu kuona kwamba mapadri walikuwa wamekosea.

Nyuma yake alisimama shemeji yake Protais, mpima samaki, aliyesingiziwa kuwapelekea askari wa serikali habari.

"Hodi!" Kimya. Ngongo akagonga tena. Kimya.

"Huyu iko tupu," mlinzi akasema. "Mwenyewe alishahama, akaacha ngozi."

"Miye niko humu!" Protais akalia. "Shemeji, waambie!"

"Hatuulize kinywa," Ngongo akasema. "Mwalimu, weye ulisoma kwa mapadri. Weka sikio."

Révérien akainama. Nyuma ya mbavu alisikia pumzi iliyozuiwa, kama ya jamaa waliojibanza chini ya kitanda wakati wenye silaha wanapobisha mlangoni. Mwaka ule hakuna nyumba ya Uvira iliyowaitikia. Angeweza kusema kwamba Protais amejibu kwa sauti ndogo. Lakini alimwogopa yule wa ndani yake mwenyewe, asije akamkanusha mbele ya watu.

"Iko muntu," akasema. "Anajificha."

"Muntu mwema anajificha nini?"

"Anaogopa bunduki, Komanda."

Foleni ikacheka kidogo.

"Basi alisikia hodi, akakataa kufungua," Ngongo akasema. "Afazali angekuwa tupu."

Protais akapelekwa Ruzizi. Jeshi la serikali liliporudi, ofisa wake aliukuta utaratibu ule unafaa. Hakubadili ila bendera.

Pétronille, mke wa Révérien na dada wa Protais, alimsikiliza mumewe akieleza yote. Tangu hapo, kila asubuhi, kabla ya kumpa chai, humgonga kifuani polepole.

"Hodi, baba Anne-Marie."

"Karibu, baba Komanda," hujibiwa kutoka ndani.

Naye huweka kikombe mezani, akaenda kunywa chake jikoni.