Kibla Kimehamia Ukuta wa Kushoto

"Na sinki la pili?" fundi aliuliza, tindo mkononi, vumbi la saruji limemjaa ndevuni.

"Yote manne," mwenyekiti wa kamati ya msikiti alijibu kutoka mlangoni, kanzu ameipandisha isiguse maji. "Ukichuchumaa hapo sasa, umeelekea kibla uso kwa uso. Hayafai."

Fundi alilitazama sinki la choo alilokwisha kuling'oa. Miaka kumi na mmoja iliyopita aliyapanga yote yaelekee kushoto, kwa amri ya kamati hiyohiyo, ili anayejisaidia asielekee kibla wala asikipe mgongo. Jana kamati walikuja na kipimo cha kibla, wakainama, wakanong'onezana, na kibla kimehamia huko huko kushoto. Wakubwa hawakosei. Wanarekebisha.

"Mwenyekiti, na makaburi?"

"Makaburi gani tena?"

"Ya hapo nyuma. Yalichimbwa kwa kufuata msikiti. Marehemu mke wangu nilimlaza kwa mikono hii, ubavu wa kulia, uso mlikonionyesha nyinyi. Sasa anaangalia wapi?"

Mwenyekiti alikohoa. "Waliotangulia wana udhuru, ndugu yangu. Hatukujua. Kinachoangaliwa ni nia."

"Vyoo ndiyo havina nia?"

"Usinichanganye, fundi."

"Niliyechanganyikiwa ni mimi. Sinki linageuzwa, mtu hageuzwi?"

"Adhuhuri imekaribia. Fanya kazi." Akaenda zake, kanzu bado mkononi.

Fundi aliweka tindo chini. Alitoka kwa mguu wa kulia na kuomba maghufira, kama kila atokapo chooni, ila leo hakujua anayaombea nini. Akabadili nguo, akatawadha. Hakukumbuka kama amepaka maji kichwani, akaanza upya. Mara ya tatu akaacha.

Msikitini hapakuwa na mtu, ila mshale wa utepe mwekundu ambao kamati waliubandika zuliani, umeelekea kushoto, kwenye kibla kipya. Alisimama kando yake. Kisha akajilaza ubavu wa kulia, uso ukielekea ukuta wa mbele, kibla cha zamani, kama alivyomlaza mkewe.

"Mzee, hapa si pa kulala," mwadhini alisema akiingia.

"Silali. Napima."

"Unapima nini?"

Fundi aliinua shingo akatazama chini, kupita kiunoni, kupita magotini. Mshale ulikuwa sambamba naye, na kule ulikoelekea ndiko zilikoelekea nyayo zake, na za mkewe kule kaburini.

Akashusha shavu zuliani. Taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake, akaikunja miguu.