Nguzo Zilizopinda za Fundi Piusi

Siku ya rufaa, nyumba ya Selestina pale Karatu ilijaa kama kuna posa. Kila jirani alitaka kuliona hilo jopo la Dar es Salaam kwenye kompyuta, na chai ilikuwepo.

Selestina hutengeneza nguzo za uzio kwa plastiki chakavu. Huiyeyusha, mashine ikaisukuma itokee kwenye tundu la chuma kama dawa ya meno, kisha nguzo hupita kwenye maji ya moto ndipo izamishwe kwenye ya baridi. Aliomba hataza, yaani hati ya kuimiliki njia hiyo, akanyimwa: eti kupoza kwa maji ni jambo la wazi, fundi yeyote angelibuni. Leo akishindwa, kila mwenye mashine ataiiga njia yake, naye hana la kusema.

"Mama, yuko fundi aliyejaribu akashindwa?" aliuliza mwenyekiti wa jopo.

Selestina jina alikuwa nalo. Hyasinta, rafiki yake wa kushibana, alishamnong'oneza. Ila jina lenyewe ni la mume wa Hyasinta, fundi Piusi, aliyeketi kochi la mbele, yule yule aliyetangaza soko zima kwamba kazi ya Selestina angeifanya amefumba macho. Kumtaja shemeji mbele za watu ni kumvua nguo. Akajifanya anapanga vikombe.

Hyasinta akamgeukia mumewe. "Baba Ritha, banda letu la kuku limesimama kwa nguzo gani?"

"Za plastiki."

"Mbona zimepinda kama pembe za kondoo?"

Watu wakaangua kicheko. Piusi akainuka, akaweka kofia sawa. Selestina akajua shemeji ndiye huyo, kaondoka.

Kumbe anaifuata kompyuta.

"Mheshimiwa, kuanzia hapa hadi Mbulu, fundi mashine ni mimi. Waulize. Nimezipoza nguzo kwa maji baridi, kwa upepo, kwa mchanga mbichi. Zisizopasuka zikapinda. Sasa maji ya moto, nani hupoza kitu kwa moto? Kama mimi Piusi nimeshindwa, huyo fundi yeyote wenu anaishi wapi?"

Jopo likazima sauti, likateta. Mwenyekiti aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Rufaa imekubaliwa. Huyo fundi hata sisi hatujui anakoishi."

Vigelegele vikapasua bati. Piusi akapokea pongezi kwa mikono miwili, kama hataza ni yake. Selestina akampelekea kikombe kilichojaa.

"Shemeji, nikutengenezee nguzo mpya za banda?"

"Zilizonyooka," alidakia Hyasinta. "Kuku wamechoka kuinama."