Kiuno cha Mzee Chumvi

Haki ya Mungu, haya yametokea kama yanavyosimuliwa, wala hayakuongezwa hata punje, ingawa mwenyewe anayehusika aliitwa Chumvi na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa dereva wa malori mpaka alipostaafu, na alidai aliwahi kusafiri siku nzima injini ikiwa imekufa, kwa mteremko tu, na bado akafika mapema.

Mkewe, fundi cherehani, alimpenda na uongo wake wote. Kwenye ugonjwa wake wa sukari tu ndipo alipokuwa mkali. Daktari alimwandikia mzee sindano ya kila wiki, ile yenye umbo la kalamu. Ilipatikana bila taabu mpaka wenye nazo walipogundua kwamba inapunguza mwili. Hapo bei ikapanda, ikasahau njia ya kushukia. Fundi akashona mpaka macho yakamwasha, lakini kalamu haikukosekana kwenye friji.

"Umechoma?" aliuliza kila Jumamosi.

"Nimechoma, mama. Imeuma mpaka nikamwona marehemu babu, akaniambia nirudi."

Na kweli, utepe wa kupimia ulithibitisha: kiuno cha mzee kilikuwa kinapungua. Akampunguzia suruali, halafu akaipunguza tena, anacheka peke yake kwenye cherehani. "Dawa imekukubali, mzee wangu! Wenzako wanatoa roho wawe hivi."

Mzee alimaliza jagi la maji, akafuta mdomo. "Nikizidi hapa utanitunga kwenye sindano."

Mchana mmoja alipanda ngazi mteja wa fundi wa siku nyingi, muuza maua, anahema, gauni begani.

"Nipunguzie, dada fundi. Linanipwaya."

"Hee, hongera! Umeipata wapi dawa, na dukani tunaambiwa tusubiri?"

"Si kwa mzee wako! Nilidhani unajua. Leo asubuhi kaniletea nyingine, nimetoka kuichukua kwenye friji ya jirani." Akapapasa mkoba. "Anasema daktari kamwachisha. Sukari imekwisha mwilini kama petroli."

Utepe ukamponyoka fundi. Ile kiu. Zile safari za chooni. Lile gazeti lililokaa magotini mwa mzee bila kufunguliwa, macho yamefifia. Yeye alikuwa anashangilia dawa, kumbe alikuwa anapima ugonjwa.

"Chumvi!" Hakuwahi kumwita hivyo ndani ya nyumba.

Mzee akachungulia nyuma ya pazia, akamwona mteja. "Mama, duniani wawili wawili. Kuna mtu anafanana nami sana, hata sauti..."

"Ishia hapo."

Akaishia hapo. Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Yule mwenye nyumba niliyekwambia ameota malaika, akatusamehe kodi..."

"Enhe?"

"Alilipwa, kwa hela za kalamu. Kila unachoshona kinaingia tumboni mwangu kwa sindano. Unatunga uzi kwa kupapasa. Mume gani anamla mkewe?"

"Bora kuliwa kuliko kuwa mjane, mjinga wewe!" Akamgeukia mteja. "Dada, nipe hiyo kalamu."

"Nimeilipia." Muuza maua alikumbatia mkoba. "Mnadhani natafuta urembo? Magoti yangu yamesagika, presha inanikimbiza. Mimi pia niliandikiwa na daktari. Bima wakasema unene si ugonjwa, nifunge mdomo. Bei ya dukani siiwezi. Mzee ndiye aliyenionea huruma."

Fundi alitafuta wa kumgombeza, akakosa. Aliyepanga bei hajawahi kupanda ngazi zile.

Mzee akatoa noti za asubuhi, zilizokunjwa vilevile, akaziweka mezani. Akavua na saa ya mkononi. "Hii ya uongo wangu, binti yangu. Nilikwambia nimepona."

Muuza maua aliirudisha saa. Noti akazichukua. Kisha akatoa kalamu, bado ina ubaridi, akailaza juu ya cherehani. Akalishika gauni lake begani.

"Basi usilipunguze. Litanitosha tena."

Akaelekea mlangoni.

"Choma nikiona," fundi alimwambia mumewe.

Mzee akafungua vifungo vya shati. Huko nje muuza maua alikuwa anashuka, anapumzika kila ngazi, na kila alipokanyaga waliyasikia magoti yake yakilia.