Bi Mkubwa Kwenye Benchi la Watoto

Umri wake ulikuwa miaka kumi na miwili, lakini ukimwona anainama kuokota kijiko utadhani bibi wa mtu. "Jamani mgongo," anasema, mkono kiunoni. Watoto wenzake walimpachika jina la Bi Mkubwa siku ya kwanza tu, na jina likamkaa kama nguo ya kushonewa.

Kambi yetu ilikuwa ndani ya shule ya bweni ambayo wanafunzi wake walikuwa likizo. Watoto walioletwa ni wale ambao kwao likizo ni jina tu: wengine wazazi wao wagonjwa, wengine wazazi hawapo, wengine wanatoka nyumba ambazo kula mchana ni bahati. Waliletwa ili wale, wacheze, kila mmoja alale kwenye kitanda chake peke yake, kisha warudi kwao. Hakuna masomo, hakuna mahubiri. Shangazi yangu ndiye mpishi wa kambi, na alinichukua nijitolee pamoja naye jikoni. Mimi niliishia shule ya msingi, sikuwa na bosi wa kuomba ruhusa, na kama alivyowaambia wenzake, "Huyu mtoto wa kaka yangu hasemi sana, lakini macho yake hayalali." Wengine wa kujitolea walikuwa wanafunzi wa chuo. Kiongozi wao tulimwita Filimbi, maana filimbi yake haikutoka shingoni, nadhani hata bafuni aliingia nayo.

Bi Mkubwa alitutokea jikoni asubuhi ya kwanza, wenzake bado wanasukumana bombani.

"Shikamoo, shangazi. Nipe kisu nikumenyee vitunguu."

Shangazi alimpa kwa utani. Mtoto akamenya, akakata, akapangusa ubao, kisha akadondosha mchuzi wa maharage kiganjani, akaonja. "Chumvi bado kidogo," akasema. Na kweli ilikuwa bado.

"Haya!" Shangazi akapiga makofi. "Leo nimepata mwenzangu!"

Kuanzia hapo hakutoka jikoni ila kwa kufukuzwa, na akifukuzwa alikwenda bwenini kutandika vitanda vya wengine. Alitoa miiba miguuni mwa watu. Alishona vifungo. Wawili wakigombana, alisimama katikati yao na kusema, "Nyie, hamjui watu wamechoka?" nao wakanywea.

Nyumbani kwao alikuwa mkubwa wa wadogo watatu. Mama yake alitoka alfajiri kwenda kufulia watu nguo, akirudi taa zimewashwa. Kwa hiyo mtoto huyu alipika, aliogesha, alibeba mgongoni, alilaza. Na kila jioni alimwendea Mkuu wa kambi, mama mmoja mpole mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, na kumwambia maneno yaleyale: "Naomba kurudi nyumbani. Nani anawapikia?"

Mkuu alimwambia, "Mwanangu, Alhamisi gari linakwenda mjini kuchukua chakula. Dereva atapita kwenu aulize. Ukiwa bado unataka kurudi, Alhamisi ya pili utapanda gari urudi. Kambi si jela, sitamfunga mtu."

Nilikuwa karibu, nafuta meza. Nilimsikia Mkuu akimwambia Filimbi pembeni, "Mwakani hawezi kuja, atakuwa amevuka umri. Ni mwaka huu au basi."

Basi nikajiapiza moyoni: huyu mtoto haondoki hapa kabla hajacheza. Si kwa kulazimishwa. Acheze mwenyewe, asahau.

Ni rahisi kusema. Nilimpeleka kwenye mchezo wa kuruka kamba. Alishika ncha ya kamba akawazungushia wenzake hadi kengele ya chakula, yeye mwenyewe hakuruka hata mara moja. Nilimkalisha kwenye bembea. Alimpakata mtoto mdogo, akambembeza, mtoto akasinzia. Nikasema labda mpira. Nikampa mpira mkononi. Aliutazama pande zote, akaenda kuuosha.

"Mwache mtoto wa watu," Shangazi aliniambia. "Ana mikono mizuri. Mbona unamwonea wivu kazi yake?"

"Shangazi, amekuja kupumzika."

"Mimi nimeanza kupika nikiwa mdogo kuliko yeye. Nimekufa?"

"Na ulicheza lini, shangazi?"

Alikuwa anakoroga uji. Mwiko ukasimama. Uji ukaanza kutupa mapovu ya hasira.

"Lete bakuli," akasema. "Maswali yako yatatuunguzia uji."

Alhamisi dereva akarudi na magunia. Alikuwa mwanamume mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kutangaza msiba hata akiomba chumvi. Bi Mkubwa alimsubiri getini tangu mchana, mikono imefungwa kifuani.

"Anko, umefika nyumbani?"

"Nimefika! Wadogo zako wamenenepa! Mama yako mdogo amehamia pale. Anapika, anaogesha, wanaimba. Yule wa mwisho nimemkuta amekula mpaka tumbo limetangulia mbele. Wamesema usiwe na wasiwasi, ufurahi!"

Sisi wote tukashangilia. Yeye hakushangilia.

"Yule wa mwisho hakulia?"

"Kulia? Alikuwa anacheka!"

Akaitikia kwa kichwa, akageuka. Nilimkuta nyuma ya jiko anasugua sufuria ambalo lilikuwa limeshasuguliwa, mchanga unalia kwenye bati, machozi yanaanguka humohumo. Nikachuchumaa. Nilishika upande wa pili wa sufuria tukasugua wote.

"Dada," akasema mwishowe, "sasa mimi?"

"Wewe nini?"

"Sasa mimi ni wa nini?"

Nilichofikiri ni kwamba habari njema imempiga kuliko mbaya. Kumbe alikuwa amejishika kwenye ile kazi kama mtu aliyeshika mti kwenye mafuriko, na sasa tunamwambia maji yamepungua, aachie.

"Alhamisi nitarudi," akasema. "Nikamsaidie mama mdogo."

Ikawa hivyo. Akaahidiwa kiti kwenye gari.

Sasa kambi ile ilikuwa na desturi yake, waliyoianzisha miaka ya nyuma: Jumatano ya wiki ya mwisho wanafanya siku ya kugeuzana. Watoto wanakuwa wakubwa, wakubwa wanakuwa watoto, kuanzia chai ya asubuhi mpaka jua linapozama. Watoto wanapika, wanaamrisha, wanakagua kucha. Wakubwa wanapanga foleni, wanaamrishwa, na wanaruhusiwa kuwa watundu kadiri ya uwezo wao.

Asubuhi ile tulikusanyika bwaloni wote. Cheo cha Mkuu kilinyakuliwa na binti mdogo kuliko wote, jina lake la utani Kibogoyo, maana meno ya mbele yalikuwa safarini. Hakuchaguliwa, alipiga kelele kuliko wenzake. Akavikwa miwani ya Mkuu shingoni, ikamfika magotini. Mwingine akapewa filimbi, na Filimbi mwenyewe akabaki anapapasa shingo kama aliyeibiwa.

"Mpishi!" akaita Kibogoyo.

Bwalo zima likajibu kwa sauti moja: "Bi Mkubwa! Bi Mkubwa!"

Nani mwingine? Shangazi alikuwa ameshavua aproni yake, anaikunjua amfunge. Bi Mkubwa akatembea mpaka mbele. Akaishika ile aproni. Nikamwona ananusa kitambaa chake, kitunguu na moshi, harufu anazozijua. Kisha akamrudishia Shangazi.

"Sitaki kuwa mpishi."

"Eh! Unataka kuwa nani?" akauliza Kibogoyo.

"Nataka kuwa mtoto."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Filimbi akainua mkono kwa upole. "Lakini mdogo wangu, utaratibu ni kwamba watoto wote leo ni wakubwa. Watoto ni sisi tu."

Kweli utaratibu ulikuwa huo. Bi Mkubwa akatazama chini, mkono ukaanza kuelekea tena kwenye aproni. Nilitaka kusema kitu, lakini siku ile nilikuwa mtoto, na mtoto hakuulizwa.

Aliyesema ni Kibogoyo. Alipanda juu ya kiti, miwani ikamgonga magotini.

"Wewe Filimbi, umeruhusiwa kusema?"

"Hapana, Mkuu. Samahani, Mkuu."

"Kaa chini. Huyu ni Bi Mkubwa. Nani hajui? Kila siku ananifunga viatu. Kila siku anatugombeza. Huyu ni mkubwa! Na wakubwa wote leo ni watoto." Akanyoosha kidole kwenye benchi letu. "Nenda kule ukakae na watoto wenzako!"

Bwalo likalipuka. Wengine walipiga meza, wengine walipiga miguu, dereva alipiga mbinja. Mkuu wa kweli alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga, na mimi nilikuwa sijui nalia au nacheka. Hukumu ile ingetolewa na jaji isingenyooka zaidi.

Akaja akakaa kati yangu na dereva. Alikaa wima, magoti pamoja, kama mgeni kwenye nyumba ya watu.

"Sasa tunafanyaje?" akaninong'oneza.

"Sijui," nikasema. "Tufanye fujo?"

Fujo haikumjia mara moja. Dereva alikataa kunawa, akakimbizwa kuzunguka bwalo. Shangazi yangu, mama mzima mwenye mwili wake, alisema hali mkate wenye maganda, akalia mpaka akapewa adhabu ya kusimama ukutani, na huko ukutani akawa anatutolea ulimi. Bi Mkubwa alitazama yote haya macho yametoka. Kicheko kilimfika kooni, akakimeza.

Mchana harufu ikaja. Wapishi wapya walikuwa wamebandika wali, kisha wakatoka nje kugombania nani ashike mwiko. Harufu ya wali unaoungua haijifichi. Iliingia bwaloni taratibu, ikapita benchi kwa benchi, mpaka ikafika kwetu.

Nilimwona akikaza shingo. Pua ikapanuka. Mikono ikashika ukingo wa meza, na makalio yakaachana na benchi. Alikuwa amesimama nusu. Watoto kwenye meza nyingine walikuwa wanamtazama, wanamsubiri awaokoe kama kawaida. Shangazi naye, huko ukutani, mpishi wa miaka mingi, alikuwa amefumba macho na kuuma midomo, vidole vinacheza vyenyewe.

Sikumgusa. Nilikaa nikitazama ile nusu ya kusimama, na nikamwomba Mungu kimya kimya.

Bi Mkubwa akavuta pumzi. Akaketi, puu! Akachukua sahani ya bati na kijiko.

"Njaa!" akasema, kwa sauti ndogo, kama anaonja chumvi. Akapiga sahani mara moja. Akaona haikutosha. "Njaa!"

"Njaa!" akaitikia dereva.

"Njaa! Njaa! Njaa!" Sasa alikuwa amepanda juu ya benchi, anapiga sahani kwa nguvu zote, mishipa ya shingo imesimama. "Wapishi gani nyinyi! Tumelala na njaa! Wali umeungua, hamna hata aibu!"

"Hamna aibu!" Shangazi akanguruma kutoka ukutani, akaja mbio, akanyakua sufuria tupu na kuligeuza ngoma.

Tuliandamana kutoka bwaloni mpaka jikoni, wakubwa wote, Mkuu, Filimbi na mimi, Bi Mkubwa mbele, sahani juu ya kichwa. Wapishi walituonea huruma wakatupakulia. Wali wa juu ulikuwa mbichi, wa katikati bokoboko, na chini ukoko mweusi mnene kama ubao. Tuliugombania ule ukoko. Bi Mkubwa alimpokonya dereva kipande kikiwa karibu kabisa na kinywa, akakimbia nacho, akipiga yowe ambalo nilikuwa silijui, jembamba, refu, la mtoto anayefukuzwa na anayetaka kufukuzwa zaidi.

Hakutulia tena siku ile. Aliruka kamba mpaka kamba ikamchoka. Alimshawishi Shangazi naye aruke, akaruka, na kila alipotua tulipiga kelele kwamba nyumba zinatikisika, naye akatujibu, "Na zianguke!" Tulipovuta kamba, wakubwa wa siku ile walituburuta kwenye matope maana walikuwa wengi. Bi Mkubwa aliinuka ana tope mpaka kwenye nyusi, akadai mchezo urudiwe, eti wametuibia. Ugomvi wa haki kabisa, mikono kiunoni, na Kibogoyo akampa adhabu ya kusimama kwa mguu mmoja. Alisimama kwa mguu mmoja anacheka mpaka akaanguka.

Jua lilipokuwa linazama, vyeo vikarudishwa. Kibogoyo aligoma kutoa miwani, ikabidi abembelezwe kwa andazi. Kisha Mkuu akamwendea Bi Mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za bweni anakunywa chai, pembeni yangu.

"Mwanangu, gari linaondoka asubuhi. Kiti chako kipo. Unasemaje?"

Mtoto alikuwa bado anahema. Alitazama kiwanjani, ambako wenzake walikuwa wanapanga timu upya kabla giza halijaingia.

"Kesho kuna kuvuta kamba?"

"Kipo kila kitu," akasema Filimbi, aliyekuwa nyuma ya Mkuu.

Akamgeukia dereva, aliyekaa ngazi ya chini yetu. "Anko, ukipita nyumbani, mwambie mama mdogo yule wa mwisho maji yake ya kuoga yasiwe ya moto sana." Akafikiri. "Au usimwambie. Atajua mwenyewe."

"Na wewe niseme umesemaje?"

"Sema sina nafasi," akasema. "Wametuibia, lazima turudie."

Kiwanjani mtu akaita jina lake. Akanitupia kikombe mapajani, kichafu hivyohivyo, chai bado imo, akashuka ngazi kwa kuruka mbilimbili. Hakuaga mtu.