Chachu ya Waziri wa Mkate

Siku tulipounda serikali yetu mezani, kila mtu alipata wizara isipokuwa mume wangu. Mama mkwe alichukua Kuku, kwa sababu ndio pekee nyumbani humu wanaomsikiliza. Binti yetu, mwenye miaka kumi na miwili na mdomo wa miaka arobaini, alipewa Sabuni. Mimi nilitwaa Mboga, zile za kwenye magunia nyuma ya nyumba, pamoja na Mavazi, maana ni fundi cherehani na sikuona nani mwingine angeyashika. Tulikuwa tumekubaliana kupunguza kununua: kinachoweza kutengenezwa nyumbani kitengenezwe nyumbani, na tusichokihitaji tukisahau.

"Na mimi?" mume wangu akauliza.

"Wewe baba ni Waziri asiye na wizara," binti akasema, tukavunjika mbavu. Naye alicheka. Lakini baadaye nilimkuta kwenye ngazi ya nyuma anawatazama kuku wa mama yake, nikajua lile neno limemwingia.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Wenzake wanamwita Gia. Mgongo ulipogoma, daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea na usukani, iko siku atashindwa hata kufunga kamba za viatu. Akarudi nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nikawa na mume wa kila siku, na sitaficha, nilimpenda kuliko yule wa mwisho wa mwezi. Tatizo ni kwamba yeye alijiona pambo. Tena bosi wake wa zamani hakuacha kumpigia simu: lori lipo, nafasi ipo, ni wewe tu. Mume wangu akamwomba asubiri jibu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana.

"Nikipata kitu cha kufanya hapa, nabaki," aliniambia. "Nisipopata, narudi barabarani, mgongo utajijua. Siwezi kukaa nalishwa kama kuku. Na kuku wenyewe wanataga!"

Ndipo akajitwalia Mkate.

Si mkate wa hamira, maana hamira ni ya dukani. Alikuwa amesikia kwamba ukikoroga unga wa ngano na maji, ukaweka kwenye kopo, ukalilisha kopo hilo unga kidogo kila asubuhi, mchanganyiko utachacha wenyewe na kuwa chachu. Basi akawa mlezi. Kila alfajiri anafungua kopo, anatega sikio kama anasikiliza injini, anatia kijiko cha unga, anakoroga, anafunika. Mimi nilimtania bila huruma. Siku ya sita alituamsha wote kwa kelele: "Inapumua!"

Mkate wa kwanza kuku waliukagua, wakaondoka. Wa pili tuliula sisi, kwa chai nyingi. Wa tatu ungeokwa Ijumaa, kesho yake bosi apewe jibu, na kwa jinsi chachu ilivyokuwa ikifurika hadi kusukuma kifuniko, hata mama mkwe alianza kuulizia siagi.

Sasa nieleze kosa langu, na ninaomba nisikatizwe.

Serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku kutupa kopo. Rafu ya jikoni ilijaa makopo yaliyofanana kama mapacha, na binti alikuwa ameyabandua karatasi zote kwa maji moto ili yapendeze. Mimi nami nina kopo langu la gundi ya unga. Huwa naipika mwenyewe kwa ajili ya kubandika pateni, zile karatasi ninazofuata ninapokata kitambaa, juu ya maboksi ili zisichanike. Jumanne nilikuwa na mashati ya kushona. Nikanyoosha mkono kwenye rafu, nikafungua kopo, nikasikia harufu ya uchachu kidogo. Nikasema gundi imeanza kuharibika, lakini itashika tu. Na ilishika! Nikabandika mikono, mgongo na kola, nikazitundika ukutani kwenye misumari. Kisha nikaosha kopo vizuri kwa sabuni ya binti.

Niliporudisha kopo ndipo nikaona gundi yangu, imekaa palepale pake, haijaguswa.

Mtu mwenye akili angeita, "Baba watoto, njoo nimeharibu." Mimi nilichota gundi, nikaijaza kwenye kopo lake, nikafunika, nikaenda kukanyaga cherehani. Unga na maji ni unga na maji, nilijiambia. Itajifunza.

Haikujifunza. Jumatano aliilisha, ikakaa kimya. Alhamisi akailisha tena, akaifunika koti lake la safari.

"Labda imenuna," mama mkwe akasema. "Mbembeleze."

Akaibembeleza. Nilimsikia kwa masikio yangu mwanamume mzima akiiambia gundi yangu maneno ambayo mimi sijaambiwa tangu fungate. Ningecheka, lakini nilikuwa nimejitia hamnazo na nilikuwa nimeanza kujichukia.

Ijumaa hapakuokwa kitu. Aliinusa, akaiweka chini, akasema taratibu, "Hata unga umenikataa." Jioni akateremsha begi lake kutoka juu ya kabati na kuanza kulipangusa vumbi. Binti alimtazama, akaenda chumbani bila neno, na mtoto yule kukosa neno si jambo la kawaida.

Jumamosi, wakati wa chai, nikapiga moyo konde.

"Nimeibandika," nikasema.

"Umebandika nini?"

"Chachu yako. Nimeibandika kwenye pateni za mashati. Hiyo iliyo kwenye kopo ni gundi yangu."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Mume wangu alinitazama, akatazama kopo, akanitazama tena.

"Kwa hiyo nimelisha gundi siku tatu?"

"Ndiyo."

"Na koti nikaivika?"

"Ukaivika."

Mama mkwe alicheka hadi akashikilia meza. Mume wangu hakucheka, na mimi sikuweza kusubiri acheke.

"Nilinyamaza kwa sababu niliona haya," nikasema. "Lakini nikiendelea kunyamaza utaondoka ukidhani huna mkono, wakati asiye na macho ni mimi. Usiende. Nataka ubaki hapa hata kama hutaoka kitu maisha yako yote."

Aliinuka. Kisha akauliza, "Ziko wapi hizo pateni?"

Tukaenda wote wanne kwenye chumba changu cha kushonea. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa ile ya mgongo. Pale nilipokandamiza, chachu ilikuwa imetoka pembeni, ikafura vijipovu na kukaukia hapohapo.

"Tazama," akasema, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Iliumuka. Imeumukia kwenye shati!"

Akaomba kisu. Nilitazama pateni zangu za miaka minne zikikwanguliwa kama magamba ya samaki, na sikufungua mdomo. Alikusanya vipande vikavu hadi vikajaa kiganja, akavitia kwenye kopo safi pamoja na maji ya uvuguvugu na kijiko cha unga. Binti akaandika juu yake kwa wino mzito: MAMA USIGUSE.

"Itafufuka?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Inaweza kuchukua siku kadhaa. Inaweza isifufuke."

Saa sita simu ikalia. Mikono yake ilikuwa na unga, binti akamshikia simu sikioni, na sauti ya bosi, ambayo haijawahi kuwa ndogo, tukaisikia sote.

"Gia! Lini unaanza?"

Mume wangu alilitazama kopo. Lilikuwa kimya kabisa.

"Siwezi kuja, mkuu," akasema. "Nina kiumbe kidogo hapa nyumbani. Juzi kimeponea chupuchupu. Lazima kilishwe kila asubuhi, na wa kukilisha ni mimi."

Upande wa pili zikalipuka kelele. "Kumbe! Mbona hukusema? Hongera, bwana! Wa kike au wa kiume?"

Binti aliziba mdomo kwa kiganja. Mume wangu aliniangalia, na ndipo akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Bado mapema, mkuu," akajibu. "Tunaomba tu apumue."

Jumanne asubuhi ikapumua. Alituamsha kwa kelele zilezile, na safari hii nilikuwa wa kwanza kufika jikoni.

Kufikia hapo habari ya mtoto wetu ilikuwa imeshaenea barabara nzima. Wake wa madereva walinipigia simu mmoja baada ya mwingine kunipa hongera, na mimi, niliyekuwa nimeapa kutodanganya tena, nikazipokea zote kwa mikono miwili. Mmoja wao anakumbuka kwamba binti yetu alipozaliwa mume wangu alikuwa njiani, mwendo wa siku mbili. Mume wake yeye alikuwa ameondoka tena asubuhi ya siku aliyonipigia.

"Na safari hii baba yake atakuwepo?" akaniuliza.

Nikamwambia yupo, yuko jikoni, namsikia. Hapo sikudanganya.