Tundu la Bolti

Banda la kuku lilikuwa tupu tangu kuku waibiwe. Binti wa fundi cherehani aliliomba kwa mama yake kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: kwa sauti ndogo, macho chini.

"La nini?"

"La kuchomelea vyuma, mama. Kujifurahisha tu."

Mama alichomeka sindano kitambaani. Neno hilo lilikuwa halijatajwa nyumbani mle tangu Cheche, mtoto wa dada yake, alipokuja kuunga madirisha ya chuma na kumshikisha mama bomba bila kinyago cha kukinga macho. "Fumba macho tu, mama mdogo. Mwanga hauumi." Haukuuma mpaka jioni. Kisha macho yakavimba kama yaliyojazwa mchanga, mama akalia hadi kukapambazuka, na gauni la bibi harusi likabaki mezani halijashonwa. Cheche aligeuza jambo lile kichekesho kila alipokaa na watu. "Alilia kama aliyemenya gunia zima la vitunguu!"

Mama alisamehe. Binti hakusamehe.

Alitoa majani makavu yote. Mafuta ya taa na makopo ya rangi akayahamishia upande wa pili wa ua, sakafu akaipiga saruji, na juu akaacha uwazi wa kutolea moshi. Aliweka meza ya chuma, ndoo ya mchanga, mtungi wa kuzimia moto karibu na mlango, na swichi ambayo mkono uliifikia bila kuitafuta. Kuta za wavu alizifunika kwa mabamba ya chuma ya lori kuukuu, mwanga usije ukamdhuru mpita njia. Fundi umeme alikagua, akasema hata karakana za mjini hazikupangwa hivyo.

Fundi hakuliona tundu la bolti kwenye bamba la nyuma, upande wa uchochoroni. Binti angeweza kuliziba. Badala yake aliligeuzageuza bamba mpaka tundu likakaa sawa na jicho la mtu mrefu. Ukoo wao ulikuwa na mtu mrefu mmoja tu.

Cheche alikuja Jumamosi mchana.

"Bibie wa chuo! Nasikia unataka kuninyang'anya kazi!"

"Humu haingii mtu bila kinyago, kaka. Kimoja kipo hapo msumarini."

"Kinyago? Mimi nilizaliwa na moto machoni! Vaa wewe, uzuri usije ukaungua."

Akaondoka akicheka, lakini hakwenda mbali. Viatu vyake vilisikika uchochoroni, vikasimama. Kitone cha jua kilichokuwa kikipita tunduni na kutua juu ya buti la binti kikazimika.

Kabla ya kuwasha, mchomeleaji hupaza sauti, "Macho!" ili kila aliye karibu ageuke. Binti hakuwahi kuiruka kanuni hiyo. Akamkumbuka mama akipapasa ukuta, akitafuta mlango wa chumba chake mwenyewe.

"Macho," akasema.

Alisema kwa sauti yake ndogo ya siku zote, ile ambayo walimu hawakuwahi kuisikia na ukoo mzima uliitania. Akashusha kinyago, akawasha, akaunga mshono mrefu bila haraka. Cheche, aliyekuwa akitafuta kasoro ya kwenda kusimulia, alitazama hadi mwisho.

Jioni aliletwa ameshikwa mkono. "Mama mdogo, nakufa! Mchanga machoni!"

Mama alilowesha kitambaa safi kwa maji baridi, akamlaza. "Fumba macho tu, mwanangu," akamwambia taratibu. "Mwanga hauumi."

Nyuma ya mlango, binti aliziba mdomo kwa kiganja. Ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia.

Asubuhi mama aliingia bandani. Alisimama mbele ya bamba la nyuma, akainuka kwa vidole vya miguu. Jicho lake halikufika tunduni.

"Hili ulilisahau."

"Sikulisahau, mama."

Mama alimtazama, pembe ya mdomo ikicheza.

"Haya, lizibe basi. Nitakushikia."

Binti alimvalisha glavu, akampa koleo lililobana kipande cha chuma. Akatungua kinyago msumarini, akamvisha, akakaza mkanda wake polepole asije akamvuta nywele.

"Macho!" akapaza sauti, na jirani wa nyumba ya tatu akageuka.